Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la Christine. Alilinunua leo dukani mbele ya hospitali ili aandike siku atakazoona damu, kama daktari alivyoagiza. Tulipofika nyumbani akanitupia. "Andika wewe, Nicanor. Mimi nimeambiwa nilale." Basi mimi Nicanor Owino, muuza matairi ya lori kando ya barabara kuu ya kwenda Kenya hapa Jinja, Uganda, nimekuwa karani wa mimba.

Daktari alisema kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia ya mtoto. Mimba ina wiki ishirini na saba. Christine asiinue dumu la maji, asiiname kufua, asipande boda, alale tu mpaka mtoto awe tayari kutolewa kwa operesheni. Akijichosha, damu inaweza kumwagika kabla hatujafika langoni mwa hospitali. Maneno hayo aliyasema akimtazama Christine, kisha akanitazama mimi, muda mrefu zaidi.

Tuna watoto watatu: Ivy miaka minane, Ronnie mitano, Timothy mitatu. Tuna nyumba hapa Mpumudde ambayo nimekuwa nikiimalizia kwa miaka miwili. Sebule haina dari, chumba chetu hakijapigwa plasta, na mlango wa mbele unazuiwa na tairi. Ninaogopa. Naandika hapa ili nisimwambie.

Alhamisi, 6 Machi

Uji umeungua. Ronnie kaenda shule na viatu vya Ivy, Ivy kaenda na malapa. Sijauza tairi hata moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkuta Christine amesimama na ufagio. Tumegombana. Kisha nikafagia mimi, naye kitandani ananyoosha kidole kila nilipoacha vumbi. Jioni akalisema lile ambalo wote wawili tulikuwa tunalizunguka tangu Jumatatu: "Mlete mama."

Jumamosi, 8 Machi. Mbale.

Kusema ni rahisi. Mimi Mjaluo, Christine Mgisu, na makabila yetu hayafanani hata kwa chumvi ya mboga, lakini kwa hili yamekubaliana bila mkutano: mwanamume na mama wa mkewe hawalali chini ya paa moja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Miaka tisa ya ndoa nimemwona mama mkwe mgongo, leso, na mara moja kiatu. Siku ya mahari alijifunika shuka. Husemwa kwamba anayevunja mwiko huu hutetemeka mikono hadi uzeeni. Sijui kama ninaamini, ila nauza matairi, na mikono naihitaji.

Nilikwenda mtaa wa Namakwekwe kwa Shangazi Topista, dada wa marehemu baba yake Christine. Alinikalisha sebuleni. Nyuma ya pazia nikasikia mtu akikohoa, nikajua ni mama mkwe. Mama mkwe ni sajini mstaafu wa magereza. Miaka thelathini alisimamia wafungwa wakifyatua na kuchoma matofali, na Kiswahili chake ni kile cha kambini.

"Topista, uliza yeye," pazia likasema. "Nyumba iko na mlango ngapi?"

Shangazi akanigeukia kana kwamba mimi ni kiziwi. "Anauliza, nyumba ina milango mingapi?"

"Miwili, shangazi. Halafu kuna chumba cha mwisho, naweka matairi. Mlango wake unatokea chumbani kwetu."

"Kwa chumba yao ya kulala?" Pazia lilishtuka, nami nikashtuka nalo.

"Nitaufunga kwa kufuli," nikasema haraka.

"Ambia yeye, mlango ya kufuli bado ni mlango. Afunge na tofali, iwe kama nyumba ingine. Halafu atoboe ingine ya nje. Mimi nitafika tarehe ishirini na mbili. Nikikuta tofali hapana, narudi na basi ile ile."

Shangazi Topista akafungua kinywa kunirudilia maneno. Nikamwambia nimesikia.

Jumanne, 11 Machi

Fundi ni Yekosofati, Msoga wa hapa Mpumudde, mtu wa polepole. Alisimama mbele ya mlango wa chumbani akakuna kichwa. "Bwana, mrango hii ni mbao mzuri. Sasa tunaziba kwa nini?" Nikamweleza. Akavua kofia. "Ah. Ni mkwe. Basi tunaziba kabisa."

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Imekuja mchana kama mtu anayedai haki yake.

Jumanne, 18 Machi

Ukuta wa mlango mpya wa nje umeanguka upande mmoja kwa mvua kabla haujakauka. Nimevua turubai kwenye matairi yangu nikalitandaza pale. Yekosofati anajenga, mimi nakoroga zege, Timothy anatia mchanga kwenye masufuria. Christine kaniita mara saba, na mara zote ni kuuliza kama nimekula.

Jumamosi, 22 Machi

Amefika. Nilijifungia jikoni tangu saa tano, nikisikia ndoo zikishushwa, kuku akilia, watoto wakipiga kelele "Kukhu! Kukhu!", ndivyo wanavyomwita bibi kwa Kigisu. Nilijisifu moyoni. Ukuta umesimama, mlango wa nje unafunga bila tairi, kitanda kipya, dirisha lina wavu wa mbu. Nani alisema Owino hawezi kumaliza kitu?

Mlango wa jikoni ukagongwa. Ni Ivy.

"Baba, Kukhu anauliza, choo chake kiko wapi?"

Nilikaa juu ya gunia la mkaa. Mlango nilikumbuka, dirisha nilikumbuka, hata ndoano ya kutundika vazi lake la gomesi nilikumbuka. Choo ni kimoja, kile cha nyuma, tunachotumia sote. Na mkwe hawezi kuingia anamoingia mkwe.

"Mwambie Kukhu hicho cha nyuma ni chake peke yake," nikasema.

"Na wewe?"

Nilivuka barabara kwa jirani yetu Hajara, nikaomba. Hajara alicheka mpaka akajifuta macho na mtandio. "Baba Ivy! Siku kumi na moja unajenga, na choo umesahau? Karibu, ufunguo uko kwa msumari. Ukija mvua ikinyesha, chukua mwavuli wangu."

Jumatano, 26 Machi

Utaratibu umepangwa, na Ivy ndiye mjumbe. Nikiwa nyumbani, mama mkwe yuko chumbani kwake au uani upande wake. Nikienda kazini, anaingia kwetu, na Christine anahamishiwa godoro la sebuleni, maana chumbani kwetu mkwe haingii hata nikiwa Nairobi. Saa kumi na moja jioni napiga honi ya pikapu mara tatu langoni, namsikia akitoka, nahesabu hadi ishirini, naingia.

Na ninachokikuta, jamani. Nyumba imepigwa deki. Sare zimefuliwa na kunyooshwa. Timothy, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuoga bila vita, amesimama mstari mmoja na ndugu zake, mswaki begani kama bunduki.

"Nani kawafundisha?"

"Kukhu. Anasema, hapana cheza kwa mstari."

Jumatatu, 31 Machi

Yekosofati anachimba shimo la choo cha pili. Limejaa maji.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilirudi mchana kuchukua jeki, nikasimama nyuma ya lori la jirani nisionekane. Yekosofati alikuwa akikoroga plasta ya ukuta wa nje. Sauti ikatoka dirishani mwa mama mkwe:

"Fundi! Maji mingi, simenti kidogo. Unajenga ama unapika uji?"

"Ndiyo, Afande!" Akanyooka kama nguzo. "Naongeza, Afande!"

Baadaye alinieleza. Alipokuwa mtoto, Kiswahili nyumbani kwao kilimaanisha askari wako mlangoni. Mpaka leo akikisikia kwa sauti ile ya amri, viganja vinapoa. "Lakini bwana, huyu mama anajua. Nimefanya kazi hii miaka ishirini, na leo ndiyo nimejua kwa nini prasta yangu inapasuka." Jioni akamletea viazi vitamu, mfuko mzima.

Ukuta ule sasa ni laini kama yai. Mimi niliyekuwa nikidhani naleta mlezi wa watoto!

Jumapili, 6 Aprili

Christine matone mawili ya damu asubuhi. Yamekoma. Nimeandika hapa kama daktari alivyotaka.

Jumatano, 9 Aprili

Lazima niandike hili vizuri.

Honi imeharibika kwa maji. Nilifika saa kumi na mbili kasoro, mvua inapiga mabati hivi kwamba hata ningepiga ngoma asingesikia mtu. Ivy alikuwa mlangoni, akaniambia Kukhu ameshatoka kitambo. Nikaingia chumbani taratibu, Christine asiamke.

Alikuwa amelala ubavu, kitanda kimesogezwa hadi ukutani, pale tulipoziba mlango. Wiki mbili zilizopita aliniomba nikisogeze, akasema dirisha lina baridi. Kalenda ya kampuni ya matairi iliyotundikwa pale ilikuwa imeinuliwa pembeni. Chini yake tofali moja halikuwepo. Mkono wa Christine ulikuwa umeingia kwenye lile tundu hadi kwenye kiwiko, na upande wa pili, gizani, niliona vidole vingine vimeushika. Vidole vya kizee, vyenye pete ya shaba. Kidole gumba kilikuwa kikimsugua kiganja, polepole, bila kuacha.

Nilirudi kinyumenyume hadi sebuleni, nikaketi. Kwanza nilikasirika, nikiri. Nimekesha na turubai, nimelowa, naenda chooni kwa Hajara na mwavuli wa maua, ili mwiko usivunjwe, na kumbe mwenye mwiko anakwangua ukuta wangu kwa kijiko! Siku tatu nilisikia kitu kikikwaruza, nikadhani ni panya, nikanunua na sumu.

Halafu nikafikiri. Nikiwa nyumbani hawezi kumkaribia mwanawe. Jioni nzima na usiku kucha anamsikia akigeuka kitandani, na kati yao kuna tofali nililolipanga mimi. Hajavunja mwiko. Hajaniona, hajaingia, hajagusa kitanda changu. Ametafuta njia nyembamba kiasi cha mkono mmoja, akapita humo. Mimi nilimpa mkwe wangu chumba, nikajiona mtu mkubwa. Yeye amempa mwanawe mkono, kila siku, na hakutaka shukrani ya mtu. Niliona haya.

Nilitoka nje kwenye mvua, nikarudi nikikohoa kwa nguvu kama ng'ombe mgonjwa. Nilipoingia tena, kalenda ilikuwa mahali pake.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo plasta ya chumbani. Yekosofati akagonga gonga ukuta. "Bwana, hapa tofali inacheza."

"Iache."

"Nitie simenti kidogo tu."

"Yekosofati, nimesema iache. Piga plasta pembeni yake."

Nyuma ya ukuta mtu akakohoa mara moja, kifupi. Jioni Ivy akaniletea sahani ya malewa kwenye mchuzi wa karanga, machipukizi makavu ya mianzi kutoka mlimani Elgon, ambayo tangu nioe nasikia tu kwamba wakwe wa Kigisu huwapikia watu wanaowaheshimu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Shimo la choo limebomoka.

Jumanne, 29 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Sasa naweza.

Juzi, Jumapili, baada ya chakula mvua ilinyesha kwa hasira. Christine alisema atalala kidogo. Watoto walikuwa sebuleni wakichora. Nilichukua mwavuli nikavuka kwa Hajara. Nilikuwa ndani ya choo, mlango umefungwa, niliposikia Ronnie akipiga mabati kwa ngumi.

"Baba! Baba! Kukhu ameingia chumbani kwenu!"

Hakusema mama anaumwa. Hakusema damu. Mtoto wa miaka mitano alisema jambo lililomtisha kuliko yote, na mimi nikaelewa yote. Nilikimbia bila mwavuli.

Nilifika mlango wa chumba changu na miguu ikasimama yenyewe. Miaka tisa ya mazoea haiondoki kwa sababu umetishika. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kitandani kwangu, leso imeanguka, mikono miekundu hadi kwenye kiwiko, anamfunga Christine shuka nyonga hadi nyonga. Alinieleza baadaye kupitia Topista, kwa simu: alikuwa ameushika mkono wake tunduni, ukapoa, kisha ukamwachia.

Aligeuka akanitazama. Usoni.

"Unasimama nini? Ingia! Leo hapana mkwe hapa. Shika miguu!"

Nikashika miguu. Alishika mabega. Tulimbeba na godoro lake, tukapita sebuleni, Ivy akishikilia mlango na Timothy akilia, hadi nyuma ya pikapu yangu. Hajara alikuja mbio, akawachukua watoto. Mama mkwe alipanda nyuma, akajifunika turubai na mwanawe, akagonga bati la kichwa cha gari kwa kofi: twende.

Mita mia mbili tu tukakwama. Tope la Mpumudde mwezi wa nne si tope, ni gundi. Nilikanyaga mafuta, gurudumu likazunguka bure. Mimi, muuza matairi! Nilikuwa nimeweka matairi ya vipara kwenye gari langu mwenyewe, mapya nikawauzia wengine. Nilianza kulia usukani mkononi.

Vijana wa boda walikuwa wamejikinga barazani mwa duka. Nikasikia nyuma yangu sauti ambayo wafungwa wa miaka thelathini walikuwa wakiijua.

"Nyinyi! Sita! Kuja hapa! Kamata nyuma! Hapana ongea, kamata! Moja, mbili, sukuma!"

Wakaja. Hakuna aliyeuliza yeye ni nani. Gari likatoka.

Hospitali walimchukua mbio. Walituomba damu, nikatoa, naye alitaka kutoa wakakataa kwa sababu ya umri, akabishana nao kwa Kigisu na Kiswahili hadi daktari akamwambia, "Afande, tafadhali, keti." Sijui daktari alijuaje.

Tuliketi benchi moja, yeye mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule, katikati nafasi ya watu wanne. Mikono yangu ilitetemeka. Nikatazama kwa jicho la pembeni, na yake pia. Nimeuona uso wake. Ni uso wa Christine baada ya miaka thelathini, pengo moja juu, na macho yaliyokataa kulia mbele ya watu.

Saa kumi na mbili muuguzi akatoka na furushi. "Watu wa Christine Nafuna?" Tukasimama wote. "Mama ameongezewa damu, atapona. Huyu ni msichana, kilo mbili na kidogo." Akampa aliye karibu, bibi yake.

Alimtazama mjukuu. Akanong'ona kitu. Halafu akafanya jambo ambalo nikifa nitakuwa bado naliona. Alimlaza mtoto katikati ya benchi, taratibu, akahakikisha shuka imekaa. Akarudi mwisho wake, akajifunika leso kichwani, akageuza uso ukutani. Ili nimchukue binti yangu bila mikono yetu kukutana.

Nikamchukua. Ndipo nilipolia kwa sauti.

Jumamosi, 3 Mei

Shangazi Topista amekuja kutoka Mbale kusafisha yaliyotokea. Kila mmoja ametoa kuku, mimi jogoo, yeye tembe, Shangazi akiwapitisha kutoka mkono hadi mkono. Tumesimama uani tukipeana migongo.

"Mkwe aseme," Shangazi akaamuru.

"Nimekosa, kumwona," nikasema.

"Mimi nimekosa, kupigia yeye kelele," mgongo mwingine ukasema. "Lakini alishika miguu vizuri."

Jumatano, 7 Mei

Christine amerudi nyumbani. Anatembea ameinama, anacheka akishika mshono.

Jumatano, 14 Mei

Choo cha pili kimekwisha. Yekosofati amekipaka rangi ya bluu. Mama mkwe anaondoka Jumamosi.

Jumamosi, 24 Mei

Mtoto hana jina bado, na cheti cha kuzaliwa kinangoja. Ndugu zangu wa Siaya wamependekeza matatu kwa simu. Nimewashukuru. Nikamwambia Christine jina ninalolitaka.

Alinitazama, kisha akaanza kucheka hadi akalalamikia mshono. "Nicanor, una akili wewe? Hilo huwezi kulitamka! Mkwe hamtaji mkwe. Utaishi na mtoto nyumba moja na jina lake huliwezi?"

"Nitamwita Mama."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Aliacha kucheka. Akamwita Ivy apige simu Mbale, sauti ya nje, mimi nikasimama mbali jikoni. Ivy akamweleza bibi yake.

"Ambia baba yako," simu ikasema, "hiyo ni makosa kubwa. Sasa ataita mtoto namna gani?" Halafu hatukusikia maneno tena, ila mtu anavuta pumzi kwa shida, na Shangazi Topista kwa mbali akiuliza kuna nini.

Nimekaa na fomu mezani. Ulimi wangu umefungwa kwa jina hili hadi nife, na sina kinyongo. Kuhusu kalamu hakuna aliyesema neno. Nimeliandika kwenye fomu kwa herufi kubwa, polepole, na hapa naliandika tena, la mtoto na la yule aliyemshika mama yake mkono.

Mutonyi.